Nani Anafua Shuka za Antaktika?

Kitabu nilikinunua kwa mia tatu pale Tom Mboya Street, kwa wale wauzaji wanaotandaza vitabu chini na wewe unainama kuchagua. Jalada lilikuwa limechubuka, na jina la aliyekimiliki kabla yangu lilikuwa limefutwa kwa kalamu ya wino. *Skating to Antarctica*, cha Jenny Diski, kilichotoka mwaka wa 1997. Nilidhani ni hadithi ya safari tu: meli, barafu, pengwini, mzungu akitokwa na machozi mbele ya machweo. Ilikuwa Februari, Nairobi jua halina utani, na nilitaka kusoma kitu cha baridi.

Kumbe safari ni nusu tu ya kitabu. Diski, aliyezaliwa London mwaka wa 1947 na kufariki mwaka wa 2016, anaanza kwa kukiri kwamba ana kiu ya weupe. Anataka chumba cheupe, kuta nyeupe, shuka nyeupe, aamke asubuhi asione kitu chochote kinachomdai. Kiu hiyo inamrudisha kwenye vitanda vya hospitali za wagonjwa wa akili alikolazwa akiwa kijana, na kwenye uwanja wa barafu alikojifunza kuteleza akiwa mdogo, mama yake akiwa pembeni akiota binti bingwa. Basi anajiuliza: ni wapi duniani kuna weupe kuliko kote? Anakata tiketi ya meli kwenda Antaktika.

Wakati huohuo, nyumbani London, binti yake Chloe ameanza kuuliza swali ambalo Diski mwenyewe amekataa kuliuliza kwa takriban miaka 30: nyanya yangu yuko wapi? Yuko hai ama alikufa? Diski hajui, na hataki kujua. Alikulia kwenye nyumba ya baba tapeli na mama aliyekuwa akizama, nyumba ya vita vya kila siku na ya mambo ambayo mzazi hafai kumfanyia mtoto. Alipofika miaka 15 alichukuliwa na mwandishi Doris Lessing, yule aliyekulia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, na ambaye baadaye alishinda Nobel. Mama mzazi akabaki huko nyuma. Kitabu kinakwenda hivyo hadi mwisho: kidogo baharini, kidogo nyumbani. Meli inakaribia barafu huku mtoto akikaribia jibu.

Ili uelewe Diski anafanya nini, lazima ujue jinsi watu wengine wanavyoandika kuhusu huko. Zamani Antaktika ilikuwa ya mashujaa. Amundsen alifika Ncha ya Kusini Desemba 1911. Scott akafika mwezi uliofuata, akafa njiani akirudi. Meli ya Shackleton, Endurance, ilibanwa na barafu hadi ikazama mwaka wa 1915, na wanaume 28 waliokuwa ndani wakatoka hai wote. Kisha mwaka wa 1966 Lars-Eric Lindblad akapeleka kundi la watalii, na biashara ikaanza. Siku hizi zaidi ya watu 100,000 huenda kwa msimu mmoja. Wengi hupandia meli Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, wanavuka Mlango-Bahari wa Drake kwa kama siku mbili, wakitapika, halafu wanafika kwenye Rasi ya Antaktika na kushushwa kwa mashua za mpira. Viatu vinaoshwa kwa dawa kabla na baada. Pengwini husogelewi chini ya mita tano, na watu wanaokanyaga nchi kavu mahali pamoja hawazidi 100 kwa wakati mmoja. Meli iliyobeba abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Inapita tu, watu wanatazama.

Wanaorudi huandika. Nimesoma makala nyingi za aina hii, maana mimi nikipenda kitu huwa nakula hadi kinikinai, na zote zinaimba mambo matatu. Kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia. Nilijiona mdogo mbele ya maumbile. Nimerudi nikiwa mtu mwingine. Ukiuliza huyo mtu mwingine anafanana vipi na yule wa kwanza, hupati jibu. Jumatatu amerudi kazini.

Diski hana hizo. Hajifanyi barafu imemponya. Anakiri kwamba kitu anachokipenda zaidi melini ni chumba chake, kitanda chake, mlango unaofungika. Na siku ya kukanyaga bara lenyewe inapofika, anabaki akijiuliza: niende ama nibaki kitandani? Hatuambii wazi alifanya nini. Fikiria umelipa pesa yote hiyo, umetapika siku mbili, umefika mlangoni, halafu unasema kwani lazima? Mara ya kwanza kusoma hapo nilicheka kwa sauti ndani ya matatu, jirani yangu akasogea.

Halafu nikakasirika.

Uhakiki wa kwanza wa kitabu hiki niliuandika kwa hasira hiyo. Mhariri hajauona na hatauona. Hoja yangu ilikuwa hii: weupe haujitokezi wenyewe. Yeyote aliyewahi kufua shuka nyeupe kwenye beseni, na maji ya kubebwa, anajua. Weupe ni sabuni, ni Jik, ni jua, ni mgongo. Diski anaomba chumba kisichomdai chochote, na kuna mtu anadaiwa hicho chumba kila asubuhi saa kumi na mbili. Watu wanaofanya kazi melini wanapita pembeni mwa kitabu. Swali la nani anafua si swali lake.

Na si lake peke yake. Hata hadithi za mashujaa ziko hivyo. Watu wachache sana wanamkumbuka Harry McNish, seremala wa Endurance. Yeye ndiye aliyeiongezea mashua ndogo ya James Caird mbao na turubai hadi ikaweza kumvusha Shackleton hadi kisiwa cha South Georgia kutafuta msaada. Lakini McNish alikuwa amebishana na mkubwa kule kwenye barafu, alikataa amri, na waliporudi alinyimwa nishani waliyopewa karibu wenzake wote. Jina lililobaki ni la mwenye safari. La mwenye nyundo mpaka ulitafute.

Hii hasira yangu ilikuwa na anwani. Mtoto wa mama mkubwa, ambaye Kiingereza kingeniambia ni binamu lakini kwetu ni kaka, anafanya kazi kwenye meli kubwa ya kitalii. Yuko kitengo cha dobi. Amezaliwa Changamwe, amekua akiona meli zikiingia Kilindini, na siku moja akaingia mojawapo kwa mlango wa wafanyakazi. Msimu uliopita meli yao ilishuka Amerika ya Kusini, ikaenda hadi kwenye maji ya Antaktika, ikageuka. Kwa sababu ya idadi ya abiria hakuna aliyeshuka. Lakini abiria walikuwa na sitaha, darubini, na mtaalamu akiwaelezea kwa spika jina la kila ndege. Kaka alikuwa na mashine ya kukaushia.

Alinitumia ujumbe wa sauti walipofika bandarini. Nanukuu kwa ruhusa yake:

"Dada, huku chini ni joto la Mombasa, wallahi. Watu juu wamevaa majaketi mekundu, sisi tuko na vesti. Nikitoka zamu jasho linachuruzika. Nikamwambia msimamizi, bwana, mimi nimekuja ncha ya dunia, nitaambia watu nini, niliona shuka? Akatupa dakika kumi. Tukapanda nyuma kule, sehemu ya wafanyakazi. Dada, ile barafu ni buluu. Hakuna aliyeniambia ni buluu."

Ni kweli. Barafu ya zamani, iliyobanwa kwa uzito wake hadi viputo vya hewa vikatoka, hufyonza mwanga mwekundu na kuacha buluu ipite. Kwa hivyo nilikuwa na uhakiki wangu mkononi. Mwandishi wa London analipa kwenda kutafuta weupe, na kijana wa Changamwe, kwa dakika kumi tu, anaona kwamba hata si weupe. Yeye hakushuka kwa sababu hakuruhusiwa. Diski huenda hakushuka kwa sababu hakujisikia. Kukataa kushuka, nikaandika, ni anasa ya aliyelipa nauli. Nikaweka nukta. Nilijipenda sana usiku huo.

Tatizo ni kwamba ujumbe wa kaka ulikuwa na dakika mbili zaidi, na mimi nilikuwa nimeziruka kwenye uhakiki kama vile hazipo.

Kwenye dakika hizo mbili anasema: "Na kitu kingine, usicheke. Siku nne hakukuwa na mtandao kabisa. Hakuna simu, hakuna ujumbe. Siku nne hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Dada, nilikuwa nikitoka zamu nalala kama mtoto. Tulipogeuka kurudi, wenzangu walishangilia. Mimi nilinuna."

Halafu: "Mama akiuliza, usimwambie umenisikia."

Hapa lazima nieleze. Kabla ya kupata kazi hii, kaka alipitia kwa ajenti fulani mjini aliyeahidi kumpeleka meli nyingine. Mama mkubwa aliuza kipande cha shamba kule Rabai kulipa ada. Ajenti akahama ofisi usiku, simu ikawa haipatikani. Kazi ya sasa ilikuja baadaye, kwa njia nyingine, lakini lile shamba liko pale kati yao kama mgeni asiyeaga. Kila simu ya nyumbani inaanza na salamu na kuishia kwenye hesabu. Mama mkubwa hadai kwa ubaya. Anauliza tu, "Mwanangu, mwezi huu vipi?" Na kaka anasikia shamba. Akaanza kupunguza simu. Kisha akaacha. Hela anatuma, sauti hatumi. Ulikuwa mwezi wa saba sasa, na mama mkubwa alikuwa ananipigia mimi.

Kwa hivyo kaka naye alikuwa ameenda Antaktika kutafuta chumba kisichomdai chochote. Hakulipa nauli, alilipwa. Aliipata siku nne kati ya zamu na zamu, kwenye kitanda cha juu, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mtu mwingine akikoroma chini yake. Lakini ilikuwa kiu ileile ya Diski. Na mimi, kwa kutaka sana awe mfano wangu wa mfanyakazi anayeonewa, nilikuwa nimemnyima hiyo kiu. Nilimpa jasho, nikampa buluu, nikamnyima sababu ya kunyamaza. Niliona ni jambo la wenye pesa, kutaka kukimbia mama yako hadi mwisho wa ramani.

Nikarudi kwenye kitabu. Safari hii nilisoma polepole, na nikakuta vitu viwili nilivyovipita mbio.

Cha kwanza, Diski hasemi popote kwamba utupu ni wa Antaktika. Wale waandishi wa ukimya-ambao-sijawahi-kuusikia wanauweka utupu kule, kwenye barafu, kana kwamba hakuna mtu amewahi kufanya kazi pale. South Georgia tu ina vituo vizima vya kuvulia nyangumi vilivyobaki vikioza. Grytviken ilianza mwaka wa 1904, na watu wake walichinja hadi nyangumi wakakaribia kwisha. Watalii wanashuka pale kutembelea kaburi la Shackleton, na njiani wanapita mitambo ya kuyeyushia mafuta iliyoshika kutu. Kwa Diski utupu ni hamu yake mwenyewe, anaibeba kutoka nyumbani kama mzigo mwingine, na anaichunguza bila kuipamba. Anajua inafanana na hamu ya kufa. Amewahi kuifikia hiyo karibu sana. Kwa sababu hiyo siwezi tena kusema kwamba kubaki kitandani ni mbwembwe ya tajiri. Kwa mtu kama yeye, kitanda cheupe ni mahali pa hatari na pa raha kwa pamoja, na anatuambia hivyo usoni.

Lawama yangu ya shuka sijaifuta. Bado ni kweli kwamba kitabu hakiulizi nani anafua, na bado nadhani kingekuwa kikubwa zaidi kama kingeuliza. Na kuna mahali kejeli yake kwa abiria wenzake inachosha. Lakini lawama hiyo ilikuwa inanisaidia mimi nisisome nusu nyingine.

Na cha pili ndicho hicho: nusu nyingine ni ya Chloe. Wahakiki wengi hukaa melini, kwa sababu meli ina picha nzuri. Lakini mtu anayefanya kitendo kwenye kitabu hiki ni binti. Haendi popote pa baridi. Anaenda mahali ambapo rekodi za vifo zinawekwa, anatafuta jina, anapata karatasi. Nyanya yake alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma. Muda wote huo Diski alikuwa akimkwepa mtu ambaye hayupo. Hakuna barafu iliyomwambia hilo. Aliambiwa na mtoto aliyeamua kwamba kutojua kwa mama yake si lazima kuwe kutojua kwake.

Sikupenda nilipojiona pale. Maana kwenye hadithi ya nyumbani kwetu mimi si Diski na si mfuaji wa shuka. Mimi ndiye niliyeshika karatasi. Mama mkubwa ananipigia kila Jumapili baada ya kanisa, ananiuliza, "Mwanangu, umemsikia ndugu yako?" na mimi namwambia mtandao wa baharini ni mbaya, mama. Ambayo si uongo. Siku nne haikuwa uongo. Miezi saba ni uongo.

Diski anaweza kuishi na mama ambaye yuko hai na amekufa kwa pamoja, kwa sababu yeye ndiye aliyefunga mlango, na alikuwa na haki ya kuufunga. Mtoto aliyeumizwa hadaiwi simu na mtu. Hilo kitabu kinalisema bila kuomba radhi, na vijana wengi wa hapa kwetu, ambako tunafundishwa kwamba mzazi hakosei, wangefaidika kulisoma. Lakini mama mkubwa hakumuumiza mtu. Aliuza shamba. Kaka anamkimbia kwa aibu, na aibu ikikaa kimya muda mrefu inaanza kuonekana kama chuki kwa aliye upande wa pili wa simu. Hizi ni nyamaza mbili tofauti, na sikuweza kuziona tofauti hadi nilipokuwa na kitabu cha kuzipimia. Hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoweza kukipa.

Nilimwandikia kaka kwamba sitamwambia mama yake mambo yake, lakini akiniuliza tena kama yuko hai, nitasema ndiyo, na nitasema nimesikia sauti yake. Alama mbili za buluu zikaonekana. Kimya. Nikaenda kazini, nikarudi. Saa tano usiku akajibu, maneno mawili: "Sawa. Mwambie."

Jumapili mama mkubwa akapiga. Nikamwambia yuko mzima, kazi anayo, walikuwa wameenda mbali kusini, kwenye barafu, karibu kabisa na mwisho wa dunia. Alinyamaza kidogo. Nilisikia redio ya jirani yake na pikipiki ikipita. Nikajiandaa kwa machozi, ama kwa swali la hela, ama kwa lawama kwamba nimemficha.

"Huko kwenye barafu," akasema. "Sweta anayo?"

Nikawaza vesti, mashine ya kukaushia, jasho la Februari la Changamwe ndani ya meli kule chini kabisa ya ramani.

"Anayo, mama," nikamwambia. "Lakini muulize mwenyewe. Nitakutumia namba yake mpya."